Kabureta na choki: Kwa nini gari la zamani hugoma Korogwe na Handeni

Na Mwandishi Wetu, Korogwe

YAPO magari ambayo umri wake umeupita ule wa madereva wanaoyaendesha, lakini bado yanategemewa kubeba mazao, wagonjwa na abiria katika wilaya za Korogwe na Handeni, mkoani Tanga. Ni Land Rover, Peugeot 504, pikapu za Datsun na Toyota Corolla za miaka ya 1970 na 1980, ambazo injini zake hazina kompyuta.

Magari hayo hulishwa petroli na kabureta, kifaa ambacho madereva wengi wa leo hawajapata kukiona kikifunguliwa. Kinapokorofisha, kinaweza kumwacha mgonjwa njiani kabla ya kufika Hospitali ya Magunga mjini Korogwe, au kumwingiza mwenye gari katika gharama ya vipuri ambavyo havikuhitaji kubadilishwa.

Jambo la kutia moyo ni kwamba matatizo mengi ya kabureta na choki hutambulika kwa macho, masikio na pua, bila kipimo chochote cha gharama. Kinachotakiwa ni kufuata utaratibu, badala ya kukimbilia bisibisi.

Kabureta inavyofanya kazi

Kazi ya kabureta ni kuchanganya hewa na petroli kwa kiasi kinachofaa. Ili petroli iungue yote, kila gramu moja huhitaji takriban gramu 14.7 za hewa. Petroli ikizidi, mchanganyiko huitwa mzito. Ikipungua, huitwa mwepesi.

Hewa inayovutwa na injini hupita katika koo jembamba la kabureta. Hapo kasi yake huongezeka na shinikizo lake hushuka, hivyo hufyonza petroli kupitia vitundu vidogo viitwavyo jeti. Mjerumani Wilhelm Maybach alibuni kabureta ya aina hiyo mwaka 1893, na kanuni yake haijabadilika hadi leo, iwe ni Solex ya Volkswagen Beetle, Zenith ya Land Rover Series III, Hitachi ya Datsun au Aisan ya Toyota.

Petroli husubiri katika bakuli dogo lililo ubavuni mwa koo hilo. Ndani ya bakuli mna boya linalopanda na kushuka, likifunga na kufungua sindano inayoruhusu petroli kuingia, sawasawa na boya la tangi la maji la chooni.

Choki ni bati lililo juu ya koo. Injini ikiwa baridi, sehemu ya petroli hubaki kuwa matone badala ya kugeuka mvuke, kwa hiyo kiasi kikubwa zaidi huhitajika ili injini iwake. Choki huziba sehemu ya hewa na kuifanya injini ivute petroli zaidi. Injini ikishapata joto, bati hilo hutakiwa kuwa wazi kabisa.

Hapo ndipo mazingira ya Korogwe yanapoleta tofauti. Mji huo uko bondeni, kando ya Mto Pangani, na joto lake ni kubwa kwa sehemu kubwa ya mwaka. Gari linalolala hapo huhitaji choki kwa muda mfupi tu asubuhi. Anayeizoea kuivuta kila anapowasha gari, hata saa nane mchana, huimwagia injini petroli isiyoihitaji.

Anza na choki

Kabla ya kugusa skrubu yoyote, fungua mfuniko wa chujio la hewa wakati injini imezimwa na imepoa. Vuta kitufe cha choki, kisha kirudishe. Bati linapaswa kufunga lote na kufunguka lote. Likibaki nusu, tatizo huenda ni waya ulioshikwa na vumbi au kutu, na dawa yake ni kusafisha na kutia mafuta mepesi.

Kwa magari yenye choki ya kujiendesha yenyewe, kanyaga pedeli ya mafuta mara moja, kisha tazama: bati linapaswa kufunga. Injini ikishawaka, lifunguke polepole kadiri joto linavyoongezeka. Kama dakika kadhaa zimepita na halijafunguka, springi inayotanuka kwa joto au kifaa kinachoipasha moto kimeharibika.

Wapo wanaolifunga bati hilo kwa waya ili libaki wazi daima. Mjini Korogwe huenda dereva asione athari kubwa. Lakini gari hilo likilala Lushoto katika baridi ya Juni au Julai, litasumbua kuwaka.

Choki vilevile ni kipimo kizuri cha ugonjwa. Gari likiwa limesimama na injini ina joto la kutosha, vuta choki kidogo tu. Kama injini iliyokuwa ikikohoa inatulia, mchanganyiko ni mwepesi: petroli haifiki ya kutosha, au hewa inaingia mahali pasipostahili. Kama injini inazidi kulemewa na kutoa moshi mweusi, mchanganyiko ulikuwa mzito tangu awali.

Kipimo hiki kinaeleza pia kwa nini baadhi ya madereva husafiri na choki iliyovutwa nusu na kudai kwamba gari linakwenda vizuri. Wanachofanya ni kuficha jeti iliyoziba au gasketi inayovujisha hewa, huku wakiongeza matumizi ya petroli.

Plagi hueleza mengi

Baada ya safari, zima injini, iache ipoe, kisha toa plagi na kuzitazama. Rangi ya kahawia hafifu ni dalili ya mchanganyiko mzuri. Masizi meusi makavu ni dalili ya petroli kuzidi, na weupe ni dalili kwamba injini inaungua kwa joto kali kutokana na petroli kupungua. Plagi iliyolowa petroli humaanisha kuwa injini imefurikwa au moto wa plagi haupo.

Nukta hii ya mwisho ni muhimu, kwani kabureta husingiziwa makosa ya wengine. Koili dhaifu, waya uliopasuka au pointi za distributa zilizokwisha huweza kuleta dalili zilezile za kukohoa na kupoteza nguvu. Hakikisha kwanza kwamba moto upo.

Kujua kama petroli inafika, zima injini, chungulia ndani ya koo na mwambie mwenzako akanyage pedeli ya mafuta. Petroli inapaswa kuruka kama uzi. Isipoonekana, bakuli ni tupu au pampu ndogo ya kabureta imekufa. Bakuli likiwa tupu, kagua chujio la petroli, bomba na pampu kubwa kabla ya kuilaumu kabureta.

Ikiwa petroli inafurika na kuchuruzika nje, mtuhumiwa wa kwanza ni boya lililotoboka au sindano iliyokwamishwa na uchafu. Gari la namna hiyo lisiwashwe hadi limetengenezwa.

Vumbi la Handeni

Barabara ya lami kati ya Korogwe na Handeni, yenye urefu wa kilometa zipatazo 65, imepunguza adha ya vumbi. Hata hivyo, magari mengi hutoka kwenye lami na kuingia njia za udongo ziendazo mashambani na vijijini.

Vumbi hilo huziba chujio la hewa. Injini hukosa pumzi kana kwamba choki imevutwa, na matokeo yake ni moshi mweusi na matumizi makubwa ya petroli. Lakini kulitoa chujio na kuendesha bila hilo ni kosa kubwa zaidi, kwa sababu mchanga huingia ndani na kusaga ringi na kuta za silinda. Chujio la karatasi likung'utwe, na likichakaa libadilishwe.

Uchafu unaoingia na petroli nao huziba jeti. Dalili yake ya kawaida ni gari kukosa silensa, yaani kuzima kila dereva anapoachia pedeli, ingawa linakwenda vizuri kwa mwendo wa kasi. Jeti husafishwa kwa dawa maalumu na upepo wa pampu. Kuichokonoa kwa waya huongeza tundu lake, na kabureta iliyopanuliwa tundu hivyo haitapima petroli sawasawa tena.

Joto na mlima

Tatizo jingine huwapata wanaosimama kwa muda mfupi katikati ya safari. Gari limefika Segera likiwa zima, likazimwa kwa dakika kumi, kisha likakataa kuwaka. Injini iliyosimama haipati upepo, joto lake hupanda hadi kwenye kabureta na petroli huchemka ndani ya bakuli. Sehemu yake humwagika ndani ya injini na kuifurika.

Hapo choki isiguswe. Kanyaga pedeli ya mafuta hadi mwisho, ishikilie bila kuipampu, kisha piga stata. Hewa nyingi itaingia na kuondoa petroli iliyozidi. Kama tatizo linajirudia, kagua kama bomba la petroli linagusa ekzosi na kama kipande kizito cha kuzuia joto chini ya kabureta bado kipo.

Kwa wanaopanda kutoka Mombo hadi Lushoto, safari ya kilometa 33 hivi inayowainua kwa takriban meta 1,000, hewa huwa nyepesi kadiri wanavyopanda. Kabureta haina uwezo wa kulitambua hilo, kwa hiyo mchanganyiko huwa mzito na nguvu ya injini hupungua kwa karibu sehemu moja ya kumi. Huo si ugonjwa. Dereva atumie gia ndogo, na asikubali kabureta ifunguliwe njiani kwa sababu hiyo.

Petroli yenyewe

Hakuna marekebisho yanayoweza kuponya petroli mbovu. Uchanganyaji wa mafuta ya taa katika petroli ulikuwa tatizo kubwa nchini, kiasi kwamba Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) ilianzisha uwekaji wa vinasaba katika mafuta mwaka 2010, na Serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011 ili kuondoa faida ya uchakachuaji huo.

Petroli inayouzwa kwa chupa na madumu bado inastahili tahadhari. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe: petroli safi hukauka haraka, lakini yenye mafuta ya taa huacha doa la mafuta. Iweke nyingine katika chupa angavu na uiache itulie. Maji, kama yapo, yatajitenga chini. Tangi la gari kuukuu nalo lina kutu, hivyo ni vyema kuweka chujio jipya kila mara tangi linaposafishwa.

Hatari isiyostahili mzaha

Ipo desturi ya kumimina petroli kwa chupa ndani ya koo la kabureta huku mwenzako akipiga stata. Injini ikikohoa, moto hutoka kwa kupitia koo hilo hilo na kumkuta aliyeshika chupa. Kunyonya petroli kwa mdomo nako kunaweza kuipeleka kwenye mapafu na kusababisha kifo.

Aidha, injini yenye mchanganyiko mzito hutoa gesi ya kaboni monoksidi kwa wingi. Gesi hiyo haina harufu wala rangi, na huua. Silensa isirekebishwe ndani ya gereji iliyofungwa.

Mwenye gari anayekwenda kwa fundi akiwa ameshatazama choki, chujio, plagi na petroli, humpunguzia fundi kazi ya kubahatisha na hujipunguzia mwenyewe gharama. Pikipiki nyingi za bodaboda zinazobeba abiria Handeni na Korogwe zina kabureta na choki zilezile, zikiwa ndogo tu, na kanuni hizi zinazihusu pia.