Ujumbe wa Mshahara Wako Unasomwa na Nani?

Jumamosi jioni kwenye mjengo, simu huanza kulia moja baada ya nyingine. Vibarua wamelipwa. Tuseme ulifanya kazi siku sita, kila siku shilingi 900. Hesabu yake ni 5,400, lakini ujumbe unaoingia unasema 4,500. Anayejua kusoma atamfuata msimamizi papo hapo, kabla hajawasha pikipiki aende. Asiyejua atampa mwenzake simu amsomee, naye mwenzake ana haraka, atasema tu, "Pesa imeingia." Hapo 900 imepotea, na hiyo ni jasho la siku nzima.

Mteja wetu, leo hatuzungumzii ofa wala ada. Tunazungumzia kusoma, kwa sababu kusoma na riziki ni ndugu wa karibu.

Mwaka 2006 serikali ilifanya utafiti wa kitaifa kuhusu kisomo cha watu wazima, na matokeo yakatolewa 2007. Watu hawakuulizwa tu kama wanajua kusoma. Walipewa mtihani. Waliofikia kiwango cha chini cha kusoma na kuandika walikuwa asilimia 61.5. Waliobaki walikuwa watu wazima kama milioni 7.8. Na waliofikia kiwango cha kusoma kwa ustadi unaotakiwa hawakufika hata thuluthi moja.

Tofauti kati ya mikoa ndiyo iliyoshtua zaidi. Nairobi ilikuwa na asilimia 87.1. Kaskazini Mashariki, yaani Garissa, Wajir na Mandera, ilikuwa na asilimia 8. Takwimu hizo ni za zamani, na watoto walioingia shule elimu ya msingi ilipofanywa bila malipo mwaka 2003 sasa ni watu wazima. Lakini wazazi wao bado wako nasi, na wengi wao bado wanatafuta riziki kila siku.

Je, ni kusoma kunakoleta kazi, au ni kazi inayovuta waliosoma? Yote mawili. Nairobi ina kazi nyingi za karatasi, kwa hivyo waliosoma kutoka kila pembe ya nchi huhamia huko. Kwingine, shule zilichelewa kufika, na familia inayohama na mifugo haikai mahali pamoja muhula mzima. Hapo usiseme ati watu hawana akili. Nenda soko la mifugo la Garissa uone mzee asiyejua herufi hata moja akipiga hesabu ya ngamia na mbuzi kichwani, na hakosei.

Shida huanza kazi inapobadilika. Ukame ukimaliza mifugo, mtu huyo huyo akija mjini kutafuta kazi ya ulinzi, siku ya kwanza atawekewa kitabu langoni: andika jina la mgeni, namba ya gari, saa ya kuingia. Akitaka bodaboda ya kupeleka mizigo, oda inakuja kwa maandishi. Akitaka kuwa wakala wa pesa, lazima asome kitambulisho na ajaze kumbukumbu. Nguvu anazo na bidii anayo, lakini mlango umefungwa kwa herufi.

Na siku hizi hata aliyebaki kijijini hajaepuka. Tangu pesa ya simu ianze nchini mwaka 2007, mauzo ya maziwa, kibarua cha shambani na msaada wa mtoto aliye mjini vyote vinaweza kufika kwa maandishi kwenye kabambe yako.

Kama unasomewa ujumbe na mtu mwingine, anza na haya:

Jifunze tarakimu kwanza. Ni kumi tu, kuanzia 0 hadi 9. Kwenye simu nyingi za kubonyeza, kitufe cha 5 kina alama ndogo unayoweza kuihisi kwa kidole. Ukikijua hicho, vingine vinafuata.

Uliza mambo matatu. Anayekusomea akuambie ni shilingi ngapi, zimetoka kwa nani, na salio sasa ni ngapi. "Imeingia" si jibu.

Namba ya siri haisomewi mtu. Mwenzako anaweza kukusomea ujumbe, lakini namba ya siri bonyeza mwenyewe, hata kama ni polepole. Wakala akikuomba umtajie, chukua simu yako uondoke.

Angalia salio kabla ya "kurudisha" pesa. Matapeli hutuma ujumbe wa uongo kwamba wamekutumia pesa kimakosa. Salio halijapanda? Basi hakuna pesa iliyoingia. Nyamaza, kisha piga simu huduma kwa wateja.

Halafu kuna hatua kubwa zaidi, nayo ni ngumbaru. Wengine huona aibu kukaa darasani wakiwa na wajukuu. Mwaka 2004, Mzee Kimani Maruge alijiunga na darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiyo, Eldoret, akiwa na miaka 84. Alivaa sare, akaketi na watoto, na mwaka uliofuata alisimama New York kutetea elimu ya bure. Alitaka, pamoja na mengine, kujisomea Biblia mwenyewe.

Wewe huenda unataka tu kujua kama ni 5,400 au 4,500. Hiyo pia ni sababu ya kutosha. Muulize chifu au naibu wake madarasa ya watu wazima yako wapi karibu nawe. Na kama wewe unajua kusoma, Jumamosi hii mwenzako akikupa simu, usimwambie tu imeingia. Msomee yote, kisha umwonyeshe tarakimu moja moja.