Kusimama Juu ya Mashine ya Majini

Kijana wa Katana aliyekulia ufukoni ajua kusimama ndani ya mtumbwi wakati wimbi linapoutikisa: hulegeza magoti, hutazama mbele, na kuacha miguu iufuate mtumbwi. Elimu hiyo aliipata bila kitabu, nayo ni nusu ya masomo ya mchezo ambao wengi wetu tumeuona katika picha tu: kuendesha Jet Ski ya kusimama na kuichezesha juu ya maji. Nusu ya pili ni ngumu zaidi, na asiyeijua aweza kuua au kufa.

Mashine hii ilibuniwa na Mmarekani Clayton Jacobson, mpenda pikipiki, na katika miaka ya 1970 kampuni ya Kawasaki ya Japani ikaieneza. Bei yake tuiache. Mwalimu wa kijiji haipati kwa mshahara wake. Haina kiti. Mwendeshaji husimama nyuma, ameshika usukani uliofungwa kwenye mkono mrefu unaoinuka na kushuka. Ndani mna pampu inayonyonya maji chini ya tumbo lake na kuyatupa nyuma kwa nguvu. Maji hayo ndiyo yanayoisukuma, na hayo hayo ndiyo yanayoigeuza.

Angalieni basi hatari yake. Mwanafunzi aonapo mtumbwi mbele yake hushtuka, akaachia wenzo wa mafuta. Maji hukoma kutoka, na usukani hubaki pambo tu: hata akiupinda mpaka mwisho, mashine huendelea kule kule ilikokuwa ikielekea. Hofu, ambayo katika baiskeli humwokoa mtu, huku humpeleka kwenye ubavu wa mtumbwi. Yampasa apunguze mwendo mapema, na akitaka kukwepa aendelee kutia mafuta kidogo. Maneno hayatoshi kuufundisha mkono jambo hili. Elesha dumu tupu mahali pasipo watu, ulikwepe, urudie mpaka mkono uzoee.

Lakini kabla ya yote, je, wajua kuogelea? Kivu yafika kina cha karibu mita 480. Tarehe 3 Oktoba 2024 meli Merdi iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku mjini Goma, na makumi ya watu wakafa machoni pa wale waliokuwa nchi kavu. Jaketi la uokozi lifungwe kabla ya kugusa mashine, hata na yule ajiitaye samaki.

Anzia mahali maji yafikapo kiunoni, ili pampu isinyonye mchanga na mawe. Funga kamba ya usalama mkononi. Ukianguka itachomoka na injini itazimika. Panda kwa nyuma, kifua kwanza, uiache ikuvute. Kisha piga magoti, ukae hivyo siku nzima ikibidi. Halafu weka mguu mmoja, ndipo wa pili. Ikienda polepole mno huyumba kama baiskeli, kwa hiyo mwendo wa kiasi ni rafiki yako. Wala usitazame miguu. Ukiona umepoteza mizani, angukia ubavuni, usiangukie usukani. Mashine ikipinduka, igeuze kwa upande ulioonyeshwa kwenye kibandiko cha nyuma, kwani ukikosea maji yaweza kuingia katika injini. Suruali nzito ya kuogelea nayo si urembo: maji yatupwayo na pampu yaweza kumjeruhi vibaya sana ndani ya mwili mtu aangukaye nyuma yake.

Michezo yenyewe huja baadaye: kwanza kugeuka mahali padogo, kisha kuzamisha pua na kuibuka nayo. Kupinduka angani ni kazi ya miaka, kwa mashine nyepesi zilizotengenezwa makusudi. Tena ziwa letu liko mita 1,460 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na injini ya kawaida hupoteza yapata sehemu moja katika saba ya nguvu zake. Hilo lisimsikitishe mwanafunzi. Nguvu iliyobaki yamtosha kuanguka mara nyingi.

Yabaki kuchagua saa. Usiku na alfajiri ziwa ni la wavuvi wa sambaza, na ufuko ni wa akina mama wanaochota maji na watoto wanaooga. Mwanafunzi angoje mpaka mitumbwi imerudi na nyavu zimeanikwa, kisha aende mbali na ufuko wao, akiwa na mwenzake katika mtumbwi wa kumwokota.