Tanga: Ng'ambo ya Lungalunga

Basi la Dar es Salaam likitoka Mombasa asubuhi na kuvuka feri ya Likoni, abiria wengi huwa wameshasinzia kabla ya Msambweni. Huamshwa Lungalunga wagongewe pasi mhuri, wakaingia Horohoro upande wa Tanzania, kisha wakarudi vitini mwao. Kilomita 65 hivi mbele basi husimama Tanga, stendi ya Kange, ambayo iko nje ya mji. Machungwa hununuliwa dirishani, safari ikaendelea. Hivyo ndivyo watu wa Mombasa wanavyoijua Tanga: stendi na mfuko wa machungwa. Watanga wenyewe huutania mji wao kwa kauli ya "waja leo, waondoka leo". Sisi hatuji wala hatuondoki, twapita tu.

Tukitaka kutembea Tanzania twataja Unguja, Arusha na Serengeti, na Dar kwa ajili ya Kariakoo. Mzungu naye hufuata njia hiyo hiyo. Nchi ya kigeni iliyo karibu nasi kuliko zote, ambako Mdigo wa Kwale ana shangazi na binamu zake, hatushuki. Nadhani ni hasara yetu.

Mji wa Tanga ulitajirishwa na mkonge, na mkonge huo huo ukauacha ulivyo leo. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62, ikapandwa Kikogwe, kusini ya mdomo wa mto Pangani. Kutokana na miche hiyo yakazaliwa mashamba yaliyofika hadi chini ya milima ya Usambara, pamoja na kambi za manamba walioletwa kutoka kila upande wa nchi, na reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka huo huo wa 1893 ikafika Moshi kabla ya vita vya kwanza. Mwaka 1964 Tanzania ilivuna zaidi ya tani 200,000. Kisha nailoni ikashusha bei, mashamba mengi yakataifishwa, mashine za korona, zilizokuwa zikichakata mkonge, zikanyamaza moja baada ya moja.

Mji uliokosa fedha haubomoi majumba yake. Ndiyo maana ukitembea Tanga leo unakuta barabara pana zenye miti mikubwa, boma la Wajerumani ambalo sasa ni makumbusho ya Urithi, na hospitali kongwe ya Bombo juu ya bahari. Ng'ambo ya reli kuna Ngamiani, mitaa iliyopangwa kwa mistari na kuitwa kwa namba, barabara ya kwanza, ya pili na kuendelea, hata mgeni hawezi kupotea. Watu huenda kazini kwa baiskeli. Baada ya honi za matatu za Mwembe Tayari, masikio yanapumzika.

Jioni nenda Raskazone ukaogelee. Pwani hiyo tulivu ndipo majeshi ya Waingereza na Wahindi yaliposhukia Novemba 1914. Msafara wao ulipitia Mombasa kwanza, na kabla ya kushusha askari, nahodha wa manowari aliingia Tanga kuwaarifu wenyeji kwamba mapatano ya kutoushambulia mji yamevunjwa. Ustaarabu huo uliwapa Wajerumani muda wa kuleta askari kwa reli kutoka bara. Watu 8,000 wakashindwa na watu 1,000 wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, na nyuki waliotibuliwa mizingani wakamalizia kazi. Tarehe 5 walirudi melini na kuacha bunduki na risasi nyingi ufukweni.

Mapango ya Amboni, kilomita chache kaskazini kwenye njia ya kurudi kwetu, yanatangazwa kuliko kitu kingine chochote cha Tanga. Ni mawe ya chokaa yenye umri wa mamilioni ya miaka, yamejaa popo, na mna mahali pa mzimu ambapo watu huacha sadaka. Mtembezaji atakuonyesha mwamba unaofanana na mamba, mwingine unaofanana na kochi, na atakusimulia habari za Osale Otango, mtu aliyesakwa na wakoloni, aliyejificha humo miaka ya 1950. Atakuambia pia kuna njia ya chini kwa chini inayotokea Mombasa. Mimi ningeshauri Horohoro.

Kama una siku moja tu, iweke kusini. Machui, kijiji cha karibu, ndiko alikozikwa mwandishi Shaaban Robert mwaka 1962. Alizaliwa jirani, Vibambani, mwaka 1909. Sisi tuliosomeshwa Kusadikika darasani huko Kenya tunamdai ziara, au yeye ndiye anayetudai. Ukisonga mbele unafika Tongoni. Kuna msikiti wa karne ya 15 na makaburi ya minara zaidi ya 20, mkusanyiko mkubwa kuliko wowote katika pwani yetu nzima. Anayeijua Gede au Jumba la Mtwana atatambua mkono wa mafundi wale wale, matumbawe yaliyochongwa na matundu yaliyokuwa na mabakuli ya Kichina. Minara mingi imelala chini. Hapa si Gede yenye kibanda cha tiketi na mabasi ya wanafunzi. Hapa unayasikia mawimbi. Vasco da Gama, ambaye nguzo yake twaiona Malindi, alikwamisha merikebu ya São Rafael kwenye mafungu ya mahali hapa Aprili 1498 akiwa njiani kwenda Mombasa. Alipokuwa akirejea kwao Januari 1499 mabaharia wake walikuwa wamekufa wengi, akaichoma moto hapo hapo.

Pangani, mwisho wa barabara hiyo, ni mji mdogo wenye historia nzito. Agosti 1888 Kampuni ya Wajerumani ilipandisha bendera yake hapa, na simulizi za mji zinasema ofisa wao aliingia msikitini na mbwa. Pwani ikawaka. Bushiri bin Salim, aliyekuwa na shamba la miwa karibu na mto, aliongoza vita mpaka akakamatwa na kunyongwa hapa hapa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Majumba ya Waarabu na Wahindi ya enzi za sukari na pembe bado yanautazama mto, baadhi yakiwa hayana mapaa. Usitarajie hoteli nyingi. Tarajia samaki wa kukaanga, bada (ugali wa muhogo) kwa mwenye bahati, na mazungumzo marefu barazani.

Anayependa baridi apande Muheza mpaka Amani, ambako Wajerumani walianzisha bustani ya mimea mwaka 1902. Ua dogo la zambarau linalouzwa kwenye vyungu duniani kote lilitoka misitu hii. Mkuu wa wilaya, Saint Paul-Illaire, alipeleka mbegu zake Ujerumani mwaka 1892, na likapewa jina lake. Wanavijiji walikuwa wakifuga vipepeo na kuuza nje, kama wenzao wa Gede, hadi Tanzania ilipopiga marufuku kuuza nje wanyamapori hai mwaka 2016. Barabara ni mbaya, na mvua ikinyesha ni mbaya zaidi.

Utulivu wa Tanga sijui utadumu kwa muda gani. Kule Chongoleani, kaskazini ya bandari, ndiko litakakoishia bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima, bomba ambalo Wakenya tulitarajia lipite kwetu.

Kwa atakayekwenda: beba pasi na kadi ya homa ya manjano, na epuka Aprili na Mei. Ukifika Pangani na ukataka kisiwa cha Maziwe, fahamu kwamba miti yake ilikwisha zamani na sasa ni fungu la mchanga linalozama maji yakijaa, kiasi kwamba watu wa Ushongo wamekuwa wakiyahamishia mayai ya kasa bara. Usipange saa wewe. Muulize nahodha maji yanakupwa saa ngapi, na uende siku za bamvua.