Nyama ya Shimoni

Nchini Oman, Idi haiishi siku moja wala haina chakula kimoja. Katika vijiji vingi vya bara, pande za Nizwa na Jebel Akhdar, siku ya kwanza huliwa arsia, wali uliopondwa na nyama mpaka ukalainika. Mzanzibari atauona ni ndugu wa bokoboko. Kisha huja mishikaki. Lakini kinachosubiriwa hasa ni shuwa.

Nyama ya mbuzi, kondoo, ng'ombe au ngamia husingwa kwa kitunguu saumu, siki, bizari nyembamba, giligilani, iliki na karafuu. Ikishakolea hufungwa kwa majani ya mgomba, ikatiwa katika mfuko uliosukwa kwa majani ya mtende. Hapo ndipo waandishi wengi wa mapishi huweka kalamu chini. Kwangu mimi, habari yenyewe imo shimoni.

Tanuri la shuwa huchimbwa ardhini, na mara nyingi ni la ukoo au mtaa mzima. Kuni huchomwa mpaka zibaki makaa mekundu. Kila nyumba huleta mfuko wake wenye alama isiyoungua, maana motoni mifuko yote hufanana. Wanaume hujipanga ukingoni, wakaitumbukiza kwa pamoja na kwa haraka. Mfuniko wa chuma hushushwa papo hapo, udongo ukamwagwa juu, na palipofuka moshi panazibwa. Hewa ikipenya, makaa yatawaka upya na sikukuu ya mtaa mzima itaungua. Ndiyo maana hakuna mwenye kuondoka kabla shimo halijazibwa sawasawa, hata kama mfuko wake ni mdogo kuliko yote.

Nyama hulala humo siku nzima, pengine mbili. Siku hizi mikahawa ya Muscat huipika katika oveni, na ni tamu, sikatai. Ila jirani hana kazi hapo, na bila jirani naona imepungukiwa.

Shimo likifunguliwa, nyama huwekwa juu ya wali katika sinia, watu wakakaa chini kuizunguka na kula kwa mkono. Baadaye hupita kahawa katika vikombe vidogo. Katika nyumba za waliorudi kutoka Zanzibar, wengi wao baada ya 1970, mazungumzo hapo huwa ya Kiswahili. Aliyetosheka hutikisa kikombe. Asiyetikisa huendelea kumiminiwa.