Kabla hujanunua golden: "ameshachanjwa" maana yake nini?

Ujumbe uliingia Jumatatu kabla ya adhana ya alfajiri, ukiwa na picha. Mtoto wa golden retriever, rangi ya asali, amelazwa barazani juu ya kipande cha kanga, macho nusu wazi. "Shikamoo dada, samahani kwa kukuamsha. Nimemchukua Jumanne iliyopita, ana wiki saba, muuzaji alinihakikishia ameshachanjwa. Juzi aligoma kula, jana kaanza kutapika, sasa anaharisha damu na harufu yake haivumiliki. Nimpe nini?" Nikamjibu asimpe chochote mdomoni, ambebe ampeleke kwa daktari wa mifugo. Saa tatu asubuhi akaandika tena: "Basi dada, ameshakufa. Watoto wanalia hapa."

Huyo ni wa nne kuletwa kwenye safu hii tangu shule zifungwe. Wote wanne walifika kwa wenyewe wakiwa na wiki sita hadi nane, na wote "walikuwa wameshachanjwa". Nikaomba picha ya kadi ya huyu wa mwisho. Kikaratasi kimekunjwa mara nne, kina kibandiko kimoja kilichobanduliwa kwenye chupa ya chanjo, na tarehe kwa kalamu ya bluu. Nilipohesabu nyuma, siku ile ya sindano mtoto alikuwa na wiki tano.

Kwa hiyo muuzaji huenda hakusema uongo. Sindano ilidungwa kweli. Ila kudungwa sindano na kupata kinga ni mambo mawili, na katikati yake ndipo watoto wa mbwa wanapofia. Wanaouliza habari za golden huanza na bei na rangi. Mimi nitaanza hapa, na wenye haraka wanivumilie, maana hili jambo linanisisimua kuliko yote katika tiba ya mbwa.

Mtoto wa mbwa huzaliwa karibu mikono mitupu. Kingamwili za mama hazimfikii kwa wingi akiwa tumboni. Nyingi anazipata kwenye dang'a, yale maziwa mazito ya mwanzo, na ana kama siku moja tu ya kuzipokea kabla ukuta wa utumbo wake haujafunga mlango. Aliyenyonya sana anatoka na hazina kubwa. Aliyesukumwa pembeni na wenzake anatoka na kidogo. Ndugu wa tumbo moja, waliozaliwa usiku mmoja, wanaanza maisha na akiba zinazopishana mno.

Akiba hiyo haiongezwi, inapungua tu, na takriban kila siku kumi inabaki nusu. Chukua mfano wa vipimo 640 siku ya kwanza. Siku ya kumi vimebaki 320, ya ishirini 160, ya thelathini 80, ya arobaini 40. Sasa ile chanjo ya parvo, ugonjwa wa virusi wa kutapika na kuharisha damu kama wa mtoto yule, ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na ili ifanye kazi lazima virusi hivyo vizaliane kidogo mwilini, mwili uvione na ujifunze kuvipiga. Kingamwili za mama zikiwa bado nyingi, zinavikamata mlangoni. Mwili wa mtoto haujifunzi kitu. Kadi inabandikwa kibandiko, mwenye mbwa analipa, na ndani ya mtoto ni kama hakuna kilichotokea.

Lakini virusi vya mtaani havijadhoofishwa, tena vinakuja kwa mamilioni. Kuna kipindi kingamwili za mama zimepungua kiasi cha kushindwa kumzuia adui, ila bado zinatosha kuizuia chanjo. Kipindi hicho huweza kudumu wiki mbili, tatu, na hakuna daktari atakayejua kwa kumtazama mtoto kwamba ameingia au ametoka. Ndiyo maana utaratibu wa kimataifa unasema sindano ya kwanza wiki ya sita hadi ya nane, kisha zirudiwe kila wiki mbili hadi nne mpaka mtoto afikishe wiki 16 au azidi.

Wengi wanadhani sindano hizo zinajazilizana, kama vile ya kwanza inampa theluthi, ya pili theluthi, ya tatu inakamilisha. Sivyo. Kwa parvo, sindano moja ikimkuta mtoto akiba ya mama imeisha, inatosha kuufundisha mwili wake. Tunarudia kwa sababu hatujui ni ipi itakayofika. Mtu anapiga hodi asubuhi, mchana na jioni kwa kuwa hajui mwenyeji atarejea saa ngapi. Kwa mtoto wa wiki tano, hodi hiyo mara nyingi haina mtu wa kuitikia.

Hapo ndipo linapoanguka lile neno jingine la wauzaji, "mama yake amechanjwa kamili, usiwe na wasiwasi". Mama aliyechanjwa vizuri ni jambo jema, mpe muuzaji sifa yake. Ila watoto wake ndio wanaobeba akiba kubwa, na ndio wanaoweza kuizuia chanjo kwa muda mrefu zaidi.

Na hili la kwamba parvo ni ugonjwa wa mbwa wa kizungu, mbwa koko hawaugui. Wanaugua. Wanakufa wakiwa wadogo, mtaroni, bila kadi wala mtu wa kuniandikia ujumbe. Wale unaowaona wakizunguka jalalani ni waliosalimika, ndiyo maana wanaonekana wa chuma.

Sasa waganga wa mbwa. Wiki iliyopita nimetumiwa sauti ya bwana mmoja anayeuza chupa ya majani yaliyochemshwa, anasema ni dawa ya parvo aliyoiacha babu wa babu yake. Parvo ya mbwa ilitambuliwa mwaka 1978. Ndani ya miaka miwili hivi ilikuwa imezunguka dunia, ikiua mbwa wa kila umri kwa sababu hakuna aliyewahi kuiona; inatokana na virusi vya jamii ya vile vya paka vilivyojifunza kuingia kwenye seli za mbwa. Babu wa babu angeitibu vipi? Wengine wanachanganya mayai mabichi na soda. Virusi hivi vinazaliana ndani ya seli zinazojigawa kwa kasi, yaani kitalu cha ngozi ya ndani ya utumbo, na uboho. Utumbo unabaki bila bitana, bakteria wanapita kwenda kwenye damu, na saa hiyohiyo uboho umeacha kutoa chembe nyeupe za kupambana nao. Mtoto anakauka huku damu yake inachafuka. Anayetapika ukimsukumia yai mdomoni, sehemu yake inaweza kuishia kwenye mapafu. Anachohitaji ni maji ya mshipani, dawa ya kuzuia kutapika na antibiotiki za kuzuia wale bakteria, siku hiyohiyo. Asiyetibiwa mara nyingi hufa. Aliyewahishwa ana nafasi nzuri ya kupona.

Msomaji wangu wa Jumatatu aliniuliza pia kama anaweza kuleta mwingine mwezi ujao. Uani kwake virusi vinaweza kukaa mwaka na zaidi. Tulizoea wakati wa korona kwamba sabuni na spiriti humaliza kila kitu. Korona ina koti la mafuta ambalo sabuni hulichana, parvo haina koti hilo. Dawa nyingi za kunukia za kupigia deki haziifanyi kitu. Sakafu ioshwe kwanza, kisha jiki, sehemu moja kwa maji sehemu thelathini, iachwe dakika kumi. Udongo hausafishiki hivyo. Atakayeingia uani humo awe amekamilisha chanjo zake.

Tuje kwa golden mwenyewe. Alizalishwa Uskochi, kwenye shamba la Guisachan, na Dudley Marjoribanks, aliyekuja kuwa Lord Tweedmouth. Uzao wa mwanzo unaotajwa ni wa mwaka 1868. Kazi yake ilikuwa kuchota bata waliopigwa risasi kwenye maji baridi na kuwaleta bila kuwatafuna. Ndiyo maana ana manyoya tabaka mbili, na ndiyo maana anabeba viatu vyako. Anayemnunua ili alinde geti ananunua mwenyeji wa kuwakaribisha wezi. Kumlisha pilipili, bangi au damu mbichi "ili awe mkali" ni ukatili, na ukali wenyewe hauji.

Joto ndilo linalomsumbua huku pwani, na zaidi ya joto, unyevu. Mbwa hupoa kwa kuhema: mate na majimaji ya ulimi na pua yanageuka mvuke na kuondoka na joto. Hewa ya Dar es Salaam mwezi Februari imeshajaa mvuke, haipokei mwingine kirahisi, kwa hiyo anahema na hapoi. Saa tano asubuhi kivulini kwenye unyevu mkali anaweza kuwa taabani kuliko mwenzake wa Dodoma juani. Kumnyoa upara hakusaidii kama watu wanavyodhani. Ngozi inaungua na jua, na manyoya mara nyingine yanarudi vibaya. Mchane kwa brashi mpaka lile tabaka la chini lililokufa litoke, hewa ipite. Mtembeze kabla ya jua au baada ya magharibi.

Kosa lingine linafanywa kwa mapenzi: vidonge vya kalsiamu "ili mifupa ikomae". Golden dume hufika kilo 29 hadi 34 akikomaa, akitoka kwenye mwili wa nusu kilo hivi. Katika miezi sita ya mwanzo utumbo wake hauna breki nzuri ya kalsiamu. Unapokea nyingi ya anayopewa, utake usitake. Ikizidi, mifupa inakua kwa mpangilio mbovu, na hii ni jamii ambayo nyonga zake zina udhaifu wa kurithi tangu mwanzo. Unapomnenepesha ili apendeze kwenye picha unaiongezea nyonga mzigo. Omba picha za eksirei za nyonga za wazazi. Muuzaji atacheka. Omba tu.

Kuhusu kuhasi, Chuo Kikuu cha California, Davis, kilichapisha mwaka 2013 uchunguzi wa kumbukumbu za golden 759: waliohasiwa kabla ya mwaka mmoja walipata matatizo ya viungo zaidi ya wasiohasiwa. Zungumza na daktari wako kuhusu umri, usikimbilie miezi sita kwa sababu jirani alifanya hivyo. Na saratani ipo, huko Marekani inaua sehemu kubwa ya golden. Tangu 2012 Morris Animal Foundation inawafuatilia zaidi ya 3,000 ili kujua sababu. Aliyekuuzia "damu isiyo na saratani" amekuuzia hewa.

Kupe: dawa ya daktari, kila mwezi au kama chupa inavyosema. Oili chafu ya gari hapana. Anailamba, inamwingia hata kupitia ngozi. Vitunguu saumu navyo hapana, huvunja chembe nyekundu za damu, na kupe anaweza kuleta babesia inayovunja chembe hizohizo. Minyoo: dawa kila wiki mbili akiwa mdogo, kisha daktari atakupangia. Kichaa cha mbwa: sindano akifikisha miezi mitatu, hata kama haendi nje ya geti, kwa sababu paka na mbwa wa jirani hawasomi kibao cha geti lako. Akimng'ata mtu, jeraha lioshwe kwa maji na sabuni dakika 15, kisha hospitali, bila kupitia kwa mtu yeyote mwenye jiwe la kunyonya sumu.

Jana jioni msomaji wangu ameandika tena. Muuzaji ameona aibu, anataka kumpa mwingine bure, wa tumbo lilelile, amfikishie Jumamosi. "Huyu naye ameshachanjwa, dada." Nikamuuliza mara ngapi. Akaenda kuuliza. Mara moja, siku moja na yule.