Foni moja, masikio mengi

Pahali telefone inakosa rezo, foni njo inasaidia. Unafinya mikro, unasema, unaachilia, unasikia. Lakini watu hawaitumii namna moja. Sababu gani?

Muchuuzi anauliza bei ya mahindi Kolwezi, kisha anasalimia jamaa yote, mumoja mumoja. Akikosea neno atarudilia tu. Piloti wa ndeke hana nafasi ile. Anataja jina la ndeke yake, anasema kwa ufupi, na amri anayopewa anairudilia, ili aliyemupa asikie kama amefahamu. Akiwa katika hatari anaita "Mayday" mara tatu.

Kwa njia moja ya foni, wawili wakisema pamoja wanazibana. Tarehe 27.3.1977, kwenye kisiwa cha Tenerife, watu wa uwanja na ndeke moja walisema kwa wakati mumoja. Katika ndeke ya pili maneno ya lazima yalifunikwa na mulio. Piloti wake alikuwa amekwisha kuanza kukimbia katika ukungu, hakusimama. Ndeke mbili ziligongana, watu 583 wakakufa. Nyuma yake wakaweka sheria: neno la "kuruka" linasemwa tu kwa kutoa ruhusa ya kuruka ao kuiondoa.

Basi ndugu, mbele ya kufinya mikro tusikilize kwanza. Tuseme kwa ufupi, tuachilie. Pengine munganga anangojea njia ile ile, apate kuitia msaada mama mwenye kuzaa kwa shida.