Bakteria watengeneza protini zinazokuza seli za mwanadamu

Seli ya mwanadamu ikitolewa mwilini na kuwekwa katika chombo cha maabara, sukari na chumvi hazitoshi. Inahitaji pia ujumbe wa kuiambia iishi na igawanyike. Ujumbe huo unaletwa na protini zinazoitwa vichochezi vya ukuaji.

Kichochezi cha mishipa ya fahamu kiligunduliwa nchini Marekani, miaka ya 1950, na Mwitalia Rita Levi-Montalcini. Sheria za kibaguzi za Mussolini za mwaka 1938 zilikuwa zimemfukuza chuoni kwa kuwa Myahudi. Wakati wa vita akafanya utafiti chumbani mwake, kwa mayai ya kuku. Mwaka 1986, yeye na mwenzake Stanley Cohen walipewa tuzo ya Nobel.

Zamani, protini hiyo ilitolewa katika tezi za mate za panya. Leo wataalamu wanaingiza jeni ya mwanadamu ndani ya bakteria, nao wanaitengeneza kwa wingi. Kisha inasafishwa na kukaushwa.

Hivyo watafiti wa ngozi ao saratani wanapata protini ileile kila mara, na matokeo yao yanaweza kulinganishwa.

Lakini ikishayeyushwa, inahitaji baridi. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, inapoteza nguvu, na kazi ya wiki nzima inaharibika.